Nguvu ya Tatu kwa Ukuta wa Bwana Chande

Iko nchi moja, msiniulize iko upande gani wa ramani, maana aliyenisimulia aliapishwa asiseme, na mimi nikaapishwa nisimuulize. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba ni nchi ya amani, ina bendera, ina wimbo wa kusimamia wima, na ina Wizara ya Mambo ya Nje ya Nyumba. Mambo ya ndani ya nyumba hayana wizara. Serikali ile ina adabu zake: njaa ya mtu, homa yake na ugomvi wake na mkewe ni siri zake, haiingilii. Lakini ukuta unaotazama barabara, upande wake wa nje ni mali ya taifa.

Wizara ilianzishwa baada ya kiongozi wa nchi, Baba wa Mng'aro, kupita kwa gari katika mji fulani na kuona ukungu wa kijani kwenye ukuta wa mtu. Wanasema alifumba macho kwa uchungu na hakuyafumbua mpaka alipofika ikulu. Kesho yake akaagiza mashine za presha elfu moja za kuoshea kuta, kutoka kwa shemeji yake, ambaye kwa bahati njema alikuwa amekwisha kuzishusha bandarini wiki mbili kabla. Huko ndiko kuona mbali. Siku hiyo hiyo chokaa na brashi zikapigwa marufuku. Mtu akikutwa anapaka au anasugua ukuta kwa mkono wake alihesabiwa kuwa anaihujumu mashine, na kifungo chake kilikuwa miezi sita, katika jela yenye kuta nyeupe za kupendeza.

Mashine zilikuwa na nguvu tatu. Nguvu ya Kwanza ilikuwa ya raia. Nguvu ya Pili ilikuwa ya watumishi wa serikali. Nguvu ya Tatu ilikuwa ya waheshimiwa, ambao nyumba zao ni za mawe na marumaru na hata ukizipiga mzinga hazishtuki. Mabomba ya nchi ile yalikuwa yamekauka mwaka wa tatu sasa, ila mashine hazikupata shida, zilikuja na matangi yake. Wananchi nao wakajifunza upesi. Siku ya kuoshwa ukuta, familia nzima ilijipanga chini yake na ndoo, madebe na masufuria, ikakinga maji yanayotiririka, ikayaacha yatuame, ikapikia. Magazeti yakaandika kwamba wananchi wanashiriki kikamilifu.

Na kwa kuwa serikali haikuwa na kitu cha kumhimiza kila mtu apende kuoshwa, ilitumia rasilimali ambayo nchi ile ilikuwa nayo tele, isiyochimbwa wala kupaliliwa, nayo ni wivu. Sera ikaitwa Wivu wa Maendeleo. Mabango yakabandikwa kila njia panda: JIRANI YAKO ANANG'AA. WEWE JE?

*

Katika mji mmoja wa nchi hiyo, Mtaa wa Mbele, ulioitwa hivyo kwa sababu ndio uliokuwa ukionekana kutoka barabara kuu, aliishi Bwana Chande, karani wa masijala. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akigonga muhuri wa IMEPOKELEWA juu ya barua za watu, na hakuuliza hata siku moja kilichopokelewa ni nini. Ndiye aliyekuwa mtumishi wa serikali pekee mtaani pale. Alilijua hilo, na alihakikisha wenzake hawalisahau.

Nyumba aliyokaa haikuwa yake. Ilikuwa ya mkewe, Bi Saumu, aliyeachiwa na mama yake. Ilikuwa nyumba ya fito na udongo mwekundu, imekandikwa ikakandikika, na juu yake imepakwa chokaa enzi zile chokaa haijawa kosa. Mama yake Bi Saumu aliukanyaga udongo ule kwa miguu yake mwenyewe, akiwa na mimba ya huyo huyo Saumu, na kwa nje, kando ya mlango, palikuwa na alama ya kiganja chake aliyoiacha udongo ulipokuwa mbichi. Bi Saumu alikuwa na mazoea ya kuigusa kila anapotoka na kila anaporudi. Bwana Chande alikuwa na mazoea ya kutoiona.

Jirani yao alikuwa Shomvi, muuza supu ya kongoro. Walikuwa wamekaa kwa wema miaka mingi, kwa kuwa hali ya Shomvi ilikuwa chini kidogo kuliko ya Bwana Chande, na hakuna kinachodumisha ujirani mwema kama hicho.

Mashine ilipofika Mtaa wa Mbele, nyumba ya Bwana Chande ilipigwa Nguvu ya Pili kama cheo chake kilivyostahili. Maji yakauchapa ukuta, ukungu ukatoka, na baadhi ya chokaa ikatoka nao, ukuta ukabaki na mabaka kama kichwa chenye mapunye. Bwana Chande akaridhika. Kisha ikawa zamu ya Shomvi, akapewa Nguvu ya Kwanza, vijimaji vya kumwogeshea mtoto mchanga. Bwana Chande alivitazama, akatabasamu, akaingia ndani kunywa chai.

Asubuhi ya siku ya tatu alitoka nje na mswaki mdomoni. Ukuta wa Shomvi ulikuwa mweupe pe.

Wivu ulimkamata pale pale. Haukubisha hodi wala haukumpa nafasi ya kusema labda macho yananidanganya. Ulimshika chini ya mbavu, ukaminya, na Bwana Chande akameza dawa ya meno.

"Mama Riziki!" aliita. "Njoo uone ukuta wa huyu mtu!"

Bi Saumu akatoka akijifunga kanga, akatazama. "Unapendeza," alisema.

"Unapendeza? Hilo ndilo unalosema wewe? Mtu kaoshewa kwa Nguvu ya Kwanza, mimi Nguvu ya Pili. Wa kwake unapendezaje kuliko wangu?"

"Wangu," alisema Bi Saumu, akakigusa kiganja cha mama yake, akaenda zake sokoni.

Kuanzia siku hiyo Bwana Chande hakuwa na raha. Aliacha kunywa supu ya Shomvi, aliyoinywa kila asubuhi kwa miaka kumi na minne, akasema siku hizi ina pilipili nyingi. Watu wakipita barabarani walisimama mbele ya ukuta ule, wakatikisa vichwa kwa kuvutiwa, kisha macho yao yakateleza hadi kwenye mabaka ya jirani, wakatikisa vichwa tena kwa namna nyingine. Maharusi wa mtaa wa tatu walizungusha msafara wao wote ili wapigwe picha mbele ya Shomvi, na bibi harusi akamwomba Bwana Chande asogee kidogo, anaonekana kwa pembeni.

Alianza kumchunguza Shomvi kama mgonjwa anavyochunguza dawa. Akaona kanga ya mkewe Shomvi, Mama Hidaya, ina matone meupe kwenye pindo. Akaona hata kucha za Shomvi mwenyewe zina weupe pembeni, weupe usiotoka kwa kunawa. Roho ikamuuma zaidi. Mtu kabahatika mpaka kwenye kucha! Akajiambia kuwa hapa hakuna jingine, Shomvi ana mkono wa mtu mkubwa, kapigiwa Nguvu ya Tatu kwa siri. Na kama muuza kongoro anaweza kupata Nguvu ya Tatu, basi dunia imekwisha, au imwendee na yeye.

*

Afisa Mng'arisho wa Wilaya aliitwa Bwana Kipingu. Ofisi yake kwa nje iling'aa mpaka kunguru waliogopa kutua. Kwa ndani dari lilikuwa limeanguka upande mmoja, na meza ilisimama juu ya matofali kwa kuwa sakafu ilikuwa na maji. Bwana Kipingu alikaa pale amevaa suti na ndara, miguu ameikunja juu ya kiti.

"Karibu ndani," alisema, "lakini usitazame ndani."

Bwana Chande akaeleza haja yake. Afisa alimsikiliza huku amefumba macho, kama Baba wa Mng'aro alivyofanya siku ya ukungu, maana maafisa wote walikuwa wamejifunza kufumba vile.

"Ndugu Karani," alisema hatimaye, "ukuta ni uso wa mwananchi. Mwananchi ni uso wa mtaa. Mtaa ni uso wa taifa. Taifa, kwa hiyo, ni uso, na uso hauna haja ya tumbo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mheshimiwa," alisema Bwana Chande, na kusema kweli alielewa, kwa kuwa alikuwa mtumishi wa siku nyingi.

"Nguvu ya Tatu si ya makarani. Lakini sheria yetu ina huruma. Mtu akithibitisha kuwa ana wivu wa kiwango cha juu, anaweza kupandishwa nguvu bila kupandishwa cheo." Akatoa fomu. "Hili ni Tamko la Wivu. Je, wivu wako ni wa maendeleo au ni wivu wa kawaida?"

"Tofauti yake ni nini, Mheshimiwa?"

"Wivu wa kawaida unataka cha jirani kiharibike. Wivu wa maendeleo unataka hivyo hivyo, ila una fomu."

Bwana Chande akaandika wa maendeleo. Swali la pili liliuliza: Unamwonea jirani yako wivu kwa kiasi gani? Kidogo, Sana, Silali. Akatia alama kwenye Silali, akaikoleza mpaka karatasi ikatoboka. Swali la tatu liliuliza nyumba imejengwa kwa kitu gani, na chini yake kulikuwa na majibu mawili tu: Mawe, Marumaru.

Hapo kalamu yake ikasita.

"Mheshimiwa, samahani. Udongo uko wapi hapa?"

"Udongo?" Bwana Kipingu alifumbua macho kwa mshangao. "Nyumba za udongo zilikwisha katika nchi hii mwaka jana. Waziri alizimaliza kwa hotuba. Hukusikiliza redio?"

"Nilisikiliza."

"Ulipiga makofi?"

"Nilipiga."

"Basi unauliza nini?"

Bwana Chande akatia alama kwenye Mawe. Ukweli ni kwamba alikuwa mtu asiyejua kusema uongo, ila alikuwa amezoea kwamba kilichoandikwa kwenye fomu ndicho kilichopo, na kisichoandikwa kitaletewa barua. Akataka kuondoka, Bwana Kipingu akamwita.

"Bado saini ya shahidi. Anayeonewa wivu lazima athibitishe kwa mkono wake kwamba anaonewa. Tusije tukawaosha watu kwa wivu wa kubuni."

*

"Kalamu yako ikisema mawe, udongo utageuka mawe?" aliuliza Bi Saumu aliposomewa fomu.

"Ni utaratibu tu, Mama Riziki."

"Baba Riziki, nisikilize. Nyumba hii ikinyeshewa mvua ya vuli mimi huamka nikausikiliza ukuta, kama mama anavyosikiliza kifua cha mtoto. Mvua tu hiyo, ya Mungu. Hiyo Nguvu ya Pili yenu imekwisha kumtoa kidole kimoja mama yangu." Alimshika mkono akamvuta mpaka kando ya mlango, na kweli, kile kiganja kilibaki na vidole vinne. "Niachie hivi vinne."

Bwana Chande alikitazama kiganja kile, kwa mara ya kwanza pengine katika ndoa yao. Moyo ulimlainika kidogo. Angerudi nyuma pale, na hadithi yangu ingekwisha. Lakini nyuma ya bega la mkewe aliuona ukuta wa Shomvi, jua la asubuhi limeuangukia wote, na mzee mmoja wa makamo amesimama mbele yake amevua kofia. Amevua kofia mbele ya ukuta wa muuza kongoro!

"Nitarudi sasa hivi," alisema, akachukua fomu yake akaenda kwa jirani.

Shomvi alikuwa anakoroga supu. Alimpangusia kiti, akamkaribisha kama zamani, akamuuliza pilipili imepungua au bado. Bwana Chande hakukaa. Alimpa fomu.

Shomvi aliisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika mahali palipotoboka, alimwangalia jirani yake kwa huruma.

"Silali, bwana? Kweli?"

"Tia saini tu, Shomvi."

"Ukuta wenyewe huu?"

"Usinitanie. Unajua ulichofanya."

Shomvi akashtuka, mwiko ukamponyoka ukaingia chunguni. Akatazama barabarani kulia na kushoto. Mkewe Mama Hidaya, aliyekuwa mlangoni, alificha mikono chini ya kanga. Supu ikachemka.

"Chande, ndugu yangu," alisema Shomvi kwa sauti ya chini, "mimi na wewe tumezikiana wazee. Kuna maneno nikiyasema hapa, miezi sita sitaonekana. Lakini nakuomba. Nyumba yenu ni ya udongo, na yangu ni ya udongo. Usiite ile mashine. Tosheka, jirani."

Tosheka, jirani! Bwana Chande alisikia neno hilo likimwingia kama mwiba wa samaki kooni. Mtu mwenyewe keshapata, anamwambia mwenzake atosheke. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

"Wewe ulitosheka?" alisema. "Saini!"

Shomvi akamwangalia mkewe, akachukua kalamu. Akatia saini, akamrudishia fomu bila kumtazama. Bwana Chande akaona ni majivuno.

*

Nguvu ya Tatu ilifika Jumamosi, na matangi mawili, jenereta, bendi ya matarumbeta, na Mpimaji Uchafu wa Taifa, mama mwenye miwani na daftari ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu ndoo za uchafu unaotoka kwenye ukuta wa mtu. Rekodi ya nchi ilikuwa ndoo nane, iliyowekwa na waziri mmoja ambaye, walisema watu, zilitoka nane tu kwa sababu waliosha nje.

Bwana Kipingu alitoa hotuba ya kulisifu jua kwa kuangaza kuta. Bwana Chande alisimama kando yake amevaa koti, akitazama zaidi upande wa Shomvi kuliko upande wa nyumba. Alitaka aone uso wa yule mtu ukisawijika. Bi Saumu alikuwa amesimama mlangoni, mgongo ameuegemeza juu ya kiganja cha mama yake.

"Mama, ondoka hapo," alisema mwoshaji. "Hii ikikupata inakuvua ngozi."

"Basi itauvua na ukuta."

"Mama Riziki, usinitie aibu mbele za watu," alisema Bwana Chande. Alikwenda akamshika mkono, akamwondoa. Bi Saumu hakupiga kelele. Alikwenda kuchukua ndoo zake zote akazipanga chini ya ukuta, na wanawake wa mtaa, walipomwona, wakaleta na zao.

Mashine ikanguruma. Maji ya kwanza yakautoa ukungu, watu wakashangilia. Maji ya pili yakaitoa chokaa, watu wakashangilia zaidi. Kisha maji yakaanza kuwa mekundu.

"Ndoo ya tisa!" alipaza sauti Mpimaji. "Rekodi imevunjwa!" Matarumbeta yakalia.

"Baba Riziki," aliita Bi Saumu, "maji haya ni mekundu."

"Huo ni uchafu wa miaka!" alijibu Bwana Chande, na sauti yake ilikuwa ya furaha, maana alikuwa amemwona Shomvi ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Ndoo ya ishirini!"

Shomvi akapiga kelele, "Zima! Zima mashine, jamani, hiyo nyumba inakwenda!"

"Mwoneni alivyo hasidi!" Bwana Chande aliwaambia watu, na hapo, nawaambieni, alikuwa na raha ambayo hakuwahi kuipata tangu azaliwe. "Hataki nimpite!"

"Ndoo ya sitini!" Sauti ya Mpimaji ilikuwa imekauka. "Mheshimiwa, katika maisha yangu sijaona nyumba chafu kama hii!"

"Ongeza nguvu," alisema Bwana Kipingu, machozi yakimlengalenga. "Taifa linatutazama."

Ilipofika ndoo ya mia moja arobaini na tatu uchafu ukaisha. Zilibaki fito, na kati ya fito watu wakaona kitanda, kabati, kalenda ya mwaka juzi, na birika la chai mezani. Fito zikakaa wima kidogo, kama watu wasiojua kama kikao kimefungwa. Kisha zikalala taratibu upande wa barabara, mabati yakazifuata, na vumbi halikuwapo kabisa, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimeoshwa.

Matarumbeta yakanyamaza. Watu wote wakamtazama Bwana Kipingu, wajue kama wamefurahi au wamehuzunika.

Bwana Kipingu alifikiri. Akafumba macho, akayafumbua. "Ndugu wananchi," alisema, "ukuta huu hauna doa. Anayeona doa aseme!"

Hakuna aliyeona doa. Watu wakapiga makofi.

*

Kwa hiyo Bwana Chande alipewa Nishani ya Ukuta Safi, Daraja la Kwanza, mtu wa kwanza asiye mheshimiwa kuipata. Ilikuwa ya shaba, kubwa kama sahani ya pilau. Sheria ilitaka itundikwe ukutani kwa mshindi kabla ya jua kuchwa, la sivyo irudi Wizarani.

"Ukuta uko wapi?" aliuliza Mpimaji, amekwisha kushika nyundo.

"Umeoshwa," alisema Bwana Chande. Alikuwa amekaa juu ya kitanda chake, kilichokuwa sasa kando ya barabara.

Mpimaji akafungua kitabu cha kanuni. Kanuni ilisema kwamba mshindi asipokuwa na ukuta, nishani itatundikwa kwenye ukuta safi ulio karibu naye. Na ukuta safi uliokuwa karibu mnaujua. Walipigilia msumari katikati ya ukuta wa Shomvi, wakamshukuru kwa ushirikiano, wakapanda magari yao wakaondoka.

Mama Hidaya akawakaribisha jirani zake ndani. Hapo, mlango ukiwa umefungwa, Shomvi akavuta kitu kutoka uvunguni mwa kitanda akakiweka mbele ya Bwana Chande. Ilikuwa brashi ya makumbi na debe la chokaa.

"Ile Nguvu ya Kwanza haikutoa hata utando wa buibui," alisema. "Tulipaka sisi, mimi na mke wangu. Nilitaka kukwambia, ndugu yangu. Niliogopa."

Bwana Chande aliishika brashi ile, akaigeuza. Mnadhani alijuta? Alijuta, ndiyo, kidogo. Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba nishani yake iko kwa nje, na yeye yuko ndani.

Bi Saumu hakukaa kujuta. Aliazima toroli, akaenda nyumba kwa nyumba kwa wale wanawake waliokinga maji. "Nimekuja kuchukua chumba cha mama," alisema mlangoni. Wakamletea ndoo, maji yamekwisha kutuama juu na udongo umelala chini, mzito na mwekundu kama ulivyokuwa siku ya kwanza. Hakujua kiganja kilikuwa kwenye ndoo ipi, kwa hiyo alizibeba zote kwa uangalifu sawa. Ndoo ya mwisho ilipofika akakunja nguo, akaingia kwenye udongo kwa miguu, akaanza kukanyaga, na Mama Hidaya akaingia pamoja naye.

*

Redio iliitangaza nishani siku mbili mfululizo. Siku ya tatu wakaja watu saba kutoka Mtaa wa Kati, kila mmoja na fomu mkononi. Walisimama mbele ya nyumba ya Shomvi, wakautazama ukuta mweupe na nishani inayowaka katikati yake, wakaguna kwa uchungu.

"Kumbe ndivyo inavyokuwa Nguvu ya Tatu!" alisema mmoja wao, fundi cherehani. "Jamani, mimi hapa hoi." Akamfuata Shomvi. "Hongera, bwana. Tumekuja utusainie. Tunakuonea wivu, sote saba. Hatulali." Kisha akaonyesha kwa kidevu rundo la fito na mabati. "Na lile jalala ni la nani?"

"La jirani asiyeosha, bila shaka," alisema mwenzake. "Hawakosekani watu wa namna hiyo."

Shomvi akatua mwiko. Aliwatazama wale watu saba, akatazama barabarani kulia na kushoto, na safari hii alionekana mtu aliyekwisha kuamua.

"Ndugu zangu," alisema, "nyumba zenu ni za nini?"

"Za udongo. Lakini tumeandika mawe."

"Basi nisikilizeni vizuri. Ukuta huu haukuoshwa na..."

"Nishani ni yangu!"

Alikuwa Bwana Chande, amekuja mbio kutoka kwenye rundo la fito, pumzi juu juu, koti limejaa udongo. Alijiingiza kati ya Shomvi na wale watu, akatandaza mikono mbele ya ukuta.

"Ni yangu," alisema. "Muulizeni huyu. Jina limeandikwa pale chini, someni. Mwenye Nguvu ya Tatu ni mimi. Huyu ni muuza kongoro tu."

Wakasogea, wakasoma jina. Kisha wakageuka wakamtazama Bwana Chande, sura saba zimekunjamana kwa husuda, na hakuna mtu aliyewahi kumtazama vile katika miaka yote ya muhuri. Ilimwingia mwilini tamu, kama chai ya kwanza baada ya mfungo. Nyuma yake Shomvi alisema kwa sauti ya chini, "Chande, waambie," na Bi Saumu, aliyekuwa ndani ya udongo mpaka magotini, aliacha kukanyaga akasubiri.

Bwana Chande aliwatazama. Maneno yalimfika mpaka kwenye ulimi, nitamtendea haki kwa hilo. Lakini wakiambiwa wangeacha kumtazama.

"Leteni fomu," alisema.

Akatia saini ya kwanza, ya pili, ya tatu, akipuliza kila moja ikauke, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, kwa kila mmoja alinong'ona, "Tosheka, jirani."

"Msikieni anavyojidai!" alisema fundi cherehani, akamnyang'anya karatasi yake. "Keshapata, anatuambia tutosheke!"

Wakaondoka kwa haraka, wakisukumana nani afike wa kwanza kwa Afisa Mng'arisho. Bi Saumu aliwaangalia mpaka walipopinda kona. Kisha akatoka kwenye udongo, akapangusa miguu kwenye majani, akamgeukia Mama Hidaya bila kumwangalia mumewe.

"Dada," alisema, "ziweke ndoo zako karibu. Wiki ijayo tuna nyumba saba za kukusanya."